Mtoto Yuko kwa Nani?



Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, nilimuuliza baba mmoja mvuvi mtoto wake yuko gredi ya ngapi. Akatazama ziwa, akatazama viatu vyake, kisha akamwita mkewe aliyekuwa akipiga gumzo na wenzake chini ya mti: "Mama, huyu wetu amefika gredi ya ngapi?" Tulicheka, na yeye akacheka kutushinda. Msimdhanie vibaya. Karo anajitahidi kulipa. Mtoto alipougua malaria mwaka jana, alimbeba mgongoni usiku hadi hospitali. Muulize bei ya wavu, atakutajia ya Sindo, ya Mbita na ya Sori, na atakwambia ni upi utakaochanika kabla ya Krismasi. Nilipombana kidogo kuhusu gredi, alinijibu kwa upole kabisa: "Fada, mtoto si yuko kwa mwalimu?"

Nimekaa na jibu hilo wiki nzima.

Luka, katika sura ya pili ya Injili yake, anatupa kisa ambacho tumekisikia mara nyingi hata hakitushtui tena. Yesu ana miaka 12. Wazazi wake wamempeleka Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, na sikukuu imekwisha. Wanaanza safari ya kurudi Nazareti pamoja na watu wa kwao. Wanatembea siku nzima. Jioni, wanapotafuta mtoto wa kula naye, hayupo. Luka anasema walikuwa wamedhani yuko na wale wenzao wa safari. Wafafanuzi wengine wa zamani huongeza kwamba siku zile wanaume walisafiri kundi lao na wanawake kundi lao, na mtoto wa umri ule aliweza kwenda huku au kule. Basi Maria alidhani yuko kwa Yosefu, na Yosefu alidhani yuko kwa Maria. Iwe ilikuwa hivyo au sivyo, mwendo wa siku nzima ulikwisha bila mtu kuuliza.

Hawa walikuwa watakatifu. Kama wao waliweza kumkosa mtoto kwa kudhani, mimi na wewe hatuna sababu ya kuona haya kukiri. Lakini kuna jambo jingine katika kisa hiki ambalo huwa tunaliruka. Walipomtafuta mpaka siku ya tatu, walimkuta wapi? Hakuwa sokoni wala kwenye kundi la wahuni. Alikuwa hekaluni, ameketi kati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Kwa lugha ya siku hizi tungesema alikuwa darasani, tena mbele kabisa. Mwalimu yeyote angemwandikia kuwa amehudhuria. Mtoto anaweza kuwa shuleni kila siku, sare safi, jina limeitwa na ameitika, na bado akawa amepotea kwa wazazi wake.

Huko kupotea ndiko kunakonisumbua hapa Sindo, kando ya Ziwa Viktoria, kuliko kule kwa utoro.

Wazee wetu hawakuwa na shule ya kudhania. Kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, ambamo wasichana na watoto wadogo walilala wakisikia hadithi, vitendawili na maonyo. Kulikuwa na duol, ambapo mvulana alikaa kando ya moto wa jaduong', mzee wa boma, na kujifunza kusema na kunyamaza. Sisemi yote yaliyofundishwa humo yalikuwa mazuri. Nasema tu kwamba mwalimu alikuwa ndugu, na mzazi akitaka kujua mtoto anajifunza nini alihitaji kuvuka ua. Kisha wamisheni wakaja. Ndugu zetu Waadventista walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na sisi Wakatoliki hatukukaa nyuma sana. Tukajenga shule kando ya makanisa, na kwa hakika tulifanya jambo jema. Lakini tulimzoesha mzazi neno moja la hatari: lete mtoto, tuachie sisi. Nalitaja kosa hilo kwa sababu ni letu pia.

Tangu hapo serikali imebadilisha mfumo mara kadhaa, na kila mara mzazi ameambiwa baada ya uamuzi kukatwa. Wenye umri wangu tunaukumbuka mwaka 1985, 8-4-4 ilipoanza. Tuliahidiwa jambo lile lile tunaloahidiwa leo, kwamba mtoto atajifunza kwa mikono. Kulikuwa na useremala, ushonaji, upishi, kilimo, muziki. Wazazi wakafanya harambee, wakauza kuku na mbuzi, wakajenga karakana. Miaka ikapita, masomo yakapunguzwa, karakana nyingi zikageuka stoo za madawati yaliyovunjika, na kilichobaki kikawa mtihani. Miaka minane ya mtoto ikapimwa kwa siku tatu. Wangapi hapa kwetu walitoka kwenye chumba cha mtihani wa KCPE wakateremka moja kwa moja hadi kwenye mtumbwi, wakiamini kwa maisha yao yote kwamba wao ni wajinga? Nimewasikia baadhi yao kwenye kitubio. Ujinga si dhambi, huwa nawaambia, na tena wewe si mjinga. Hawaniamini. Karatasi ilishasema.

Kwa hiyo KCPE ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, sikuililia.

Mtaala huu wa Umilisi, CBC, uliochukua nafasi ya 8-4-4, una mema yake na nitayataja bila aibu. Mtoto anapimwa hatua kwa hatua. Anatoka gredi ya 6 kwenda ya 7 bila mtihani kumfungia mlango. Anayeimba, anayechora, anayecheza mpira, anayejua kufungua injini ya boti na kuirudisha bila kubakiwa na skrubu mkononi, ana mahali pa kuhesabiwa. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala huu waliingia gredi ya 10, kila mmoja na njia yake: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Matokeo nayo hayasemi tena nani wa kwanza na nani wa mwisho. Yanasema mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Nikiona neno hilo najiuliza, matarajio ya nani? Maana nyumbani kwingine hakuna mtu aliyewahi kumtarajia mtoto chochote.

Na mtaala huu umeandika waziwazi, tangu mwongozo wake wa 2017, kwamba mzazi ni sehemu yake. Kwa maoni yangu hilo ndilo jema lake kubwa kuliko yote, na ndilo lililoharibika haraka kuliko yote.

Angalieni lilivyoharibika. Shule ilimwita mzazi, lakini ikaita mfuko wake. Leta manila, leta rangi, chapisha picha hizi, rekodi video kwa simu. Mama anayeuza omena kwa gorogoro anapelekwa saiba kuchapisha picha ya samaki! Naye mzazi akajibu kwa ujanja wa kwake. Nimeona kwa macho yangu mtumbwi mdogo wa mbao ulioletwa shuleni kama kazi ya mtoto, mzuri ajabu, mpaka kasia na ndoano. Umeundwa na fundi wa ufuoni kwa shilingi mia tatu. Mwalimu akaandika kwamba matarajio yamezidiwa. Kweli yalizidiwa, na fundi. Mtoto hakugusa hata msumari mmoja. Mzazi alilipa, mwalimu alipata cha kuandika, na mtoto alikuwa kati yao kama yule wa msafara, kila mmoja akidhani yuko kwa mwenzake.

Kuhusu upungufu wa serikali sina haja ya kusema mengi, mnaujua. Sekondari ya msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi mwaka 2023, na madarasa mengi yakaanza somo la sayansi bila maabara. Walimu wanagenzi wamefundisha kwa posho ndogo, wengine masomo ambayo hawakuyasomea. Mtoto wa shule ya msingi ametengewa shilingi 1,420 kwa mwaka mzima. Pigeni hesabu wenyewe ni gorogoro ngapi za omena. Na Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, ambaye alikuwa mbunge wetu wa Suba Kusini hadi 2022, aliwaeleza wabunge kwamba serikali haimudu kutoa kikamilifu zile shilingi 22,244 zilizopangiwa kila mwanafunzi wa sekondari. Kelele zilipigwa nchi nzima. Mimi nilishukuru kwamba angalau mtu mmoja ametaja ukweli wa kapu, kwa maana walimu wakuu walikuwa wakiujua kwa muda mrefu kupitia madeni ya unga na maharagwe. Katiba ya 2010 inasema elimu ya msingi ni ya bure na ya lazima. Tuendelee kuidai kwa sauti, kwenye mabaraza ya chifu na kwenye sanduku la kura. Haki haidaiwi kwa kunong'ona.

Lakini leo sihubirii Nairobi. Nairobi haiji misa ya pili hapa.

Nirudi ufuoni. Omena huvuliwa usiku wa giza. Ninyi mnajua kuliko mimi: taa zinashushwa majini, omena wanaifuata nuru, wavu unavutwa. Jua linapochomoza akina baba wanarudi, wanapima, wanalipwa, wanalala. Mtoto anatoka kwenda shule baba akiwa bado majini au amelala. Anaporudi, baba anatengeneza wavu au ameshaondoka. Wiki tatu zinaweza kupita wakiishi nyumba moja na wasionane machoni. Tena kuna wale wavulana wanaopitia ufuoni asubuhi kusaidia kuvuta mitumbwi kabla ya kengele. Wanapewa samaki kidogo au noti. Mwanzo ni Jumamosi tu, halafu ni siku ya soko, halafu kengele inalia na mtoto haisikii. Kijana wa miaka 13 mwenye mia mbili mfukoni humwoni tena akiogopa mwalimu wa hisabati. Na sheria ipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamhesabu mzazi asiyehakikisha mtoto anahudhuria shule kuwa mkosaji. Sitaki chifu awakamate. Nataka mtu mmoja aulize kwa nini mfuko wa kaptura una pesa.

Kwa wasichana jambo ni zito zaidi, na tunalizungumza kwa mafumbo mno. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba katika kaunti yetu ya Homa Bay, kati ya kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, 23 walikuwa wameshapata mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 15. Jaboya, yule mvuvi anayebadilisha samaki kwa ngono, mnamjua, tena baadhi yenu mnakaa naye benchi moja kanisani. Mtoto akishapata mimba ndipo wazazi wote wawili huonekana shuleni kwa mara ya kwanza, mama analia, baba anatafuta wa kulaumiwa. Mwalimu naye anauliza mlikuwa wapi, nao wanamuuliza wewe ulikuwa wapi. Siku nzima ya safari imekwisha. Niseme pia kwamba msichana huyo ana haki ya kurudi darasani baada ya kujifungua. Sera ya nchi inamruhusu. Anayemfungia ndani kwa aibu anampoteza mara ya pili.

Nitapita kando kidogo, mnivumilie. Babu zetu wengi huku Gwassi na Kaksingri walizungumza Olusuba. Katika miaka ya 1990 jitihada zilifanywa kuirudisha lugha hiyo kupitia shule. Vitabu vikaandaliwa, watoto wa madarasa ya chini wakafundishwa. Ilikuwa kazi njema. Lakini mtoto alitamka Olusuba asubuhi, akarudi nyumbani na kukuta kila mtu anaongea Dholuo, hata bibi. Leo tafuta kijana wa Sindo anayeota ndoto kwa Olusuba, niletee nimnunulie soda. Kitabu kilikuwepo na mwalimu alikuwepo, lakini jioni haikuwepo.

Jioni ndiyo ninayoomba kwenu. Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya sita, aliwaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao wakikaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hakutaja manila. Hakusema mzazi awe amemaliza kidato cha nne.

Najua wengi mtanijibu: Fada, mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto na hayo maneno mapya? Mkumbukeni Kimani Maruge. Masomo ya bure ya shule ya msingi yalipoanza upya mwaka 2003, chini ya Rais Kibaki, yeye hakuyaacha yampite. Januari 2004, akiwa na miaka 84, alivaa kaptura akaingia darasa la kwanza huko Eldoret. Moja ya sababu zake ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba wahubiri wanamsomea sawasawa. Sisi wahubiri tuliisikia habari hiyo tukakohoa kidogo. Siwaagizi mvae kaptura. Nasema kutojua kusoma hakumzuii mtu kuuliza. Mama asiyejua herufi anaweza kumwambia mtoto afungue daftari na kumweleza alichoandika leo. Mtoto akieleza, amerudia somo. Akibabaika, mama amejua. Wino mwekundu hauhitaji cheti kuutambua, wala ukurasa mtupu.

Tazameni tena mama anavyoanika omena. Anatandaza nyavu kuukuu, anamwaga, anasambaza kwa mikono. Je, huondoka akarudi Desemba? Hatoki. Ana jicho moja kwa kuku na jingine kwa wingu linalotokea upande wa Mfangano. Anageuza. Tone la kwanza likidondoka anaacha chai, anaacha simu, anakimbia, kwa kuwa anajua omena iliyonyeshewa ni chakula cha kuku na bei yake ni ya kuku. Ujuzi huo tunao wote. Hakuna aliyetufundisha kwenye semina. Sasa mtu huyo huyo anaweza kumtandaza mtoto wake kwenye uwanja wa shule gredi ya kwanza na kuja kumkusanya gredi ya tisa.

Walimu, na ninyi pia msikilize. Wengine wenu mko hapa. Mnapowaita wazazi, msiwaite kwa sababu ya michango tu. Mzazi aliyeitwa mara tatu kwa deni na mara moja kwa utovu wa nidhamu hatakuja ya tano, hata mkimwita kumpongeza. Na kalenda ya shule inachapishwa mbali na ziwa, haijui mwezi. Mikutano ya wazazi niliyohudhuria kwa niaba ya kanisa, kama mfadhili, mara nyingi hupangwa asubuhi wakati mitumbwi ndiyo inafika. Katika mkutano mmoja muhula uliopita nilihesabu akina mama wengi na akina baba wanne. Mmoja wa hao wanne nilikuwa mimi.

Maria na Yosefu, walipogundua, hawakuandika barua. Waligeuza safari. Siku nzima ya kurudi nyuma kwa njia ile ile, miguu imechoka, watu wa kwao wamewaacha. Walipomkuta Maria alimuuliza mwanawe swali, tena kwa uchungu, na mwana akamjibu jibu ambalo hawakulielewa. Nalipenda sana neno hilo la Luka. Hawakuelewa masomo ya mtoto wao! Lakini walikwenda, walisimama pale mbele ya wale walimu, wakauliza, na mtoto akarudi nao Nazareti akawatii.

Jumuiya ndogo ndogo zote, wiki hii badala ya tafakari ya kawaida, kila mzazi aje na daftari moja la mtoto wake. Moja tu. Asiye na mtoto achukue la jirani. Wazee wa jumuiya watanieleza waliona nini.

Na nimezungumza na mwalimu mkuu wa shule yetu. Mkutano wa wazazi umesogezwa hadi wiki ya mwezi mpevu, Ijumaa, saa nane mchana. Usiku huo hakuna taa itakayoshuka ziwani. Akina baba, viti vya mbele ni vyenu.